Lijamu si kipande: Neno la farasi na historia yake katika nyanda za chai

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Bomet, anayefanya kazi ya usaisi katika zizi la farasi viungani mwa Nairobi, aliniletea karatasi mbili zilizokunjwa. Mwajiri wake alikuwa amepata mwongozo wa Kiingereza kuhusu vifaa vya farasi wa kuruka vizuizi, akataka uwekwe katika Kiswahili ili kila mfanyakazi auelewe. Kazi hiyo ikapewa mashine ya kutafsiri, ikakamilika kwa dakika chache, ikabandikwa ukutani. Kichwa chake kilisema: "Jinsi ya kuchagua kipande kinachofaa farasi anaporuka."

"Prof, hiki ni kipande cha nini?" kijana akaniuliza. "Cha mbao ama cha nyama?"

Tulicheka. Kisha akanieleza lililotokea. Mwenzake, mgeni katika kazi, alisoma kwamba kipande kizito humtuliza farasi mwenye pupa. Akaenda ghalani akachukua chuma kizito kuliko vyote, chenye mikono mirefu, akamvalisha farasi aliyekuwa akijifunza kuruka. Mpandaji alipovuta, farasi aliinua kichwa, akagoma mbele ya kizuizi, na aliporudi zizini ulimi wake ulikuwa umechanika. Tukaacha kucheka.

Kosa la mashine ni rahisi kulieleza. Neno la Kiingereza "bit" lina maana ya kipande kidogo cha kitu, na pia ni jina la kile chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi na kufungwa hatamu pande zote mbili. Mashine iliokota maana ya kwanza. Linaloniudhi zaidi ni kwamba nilipowasimulia wenzangu wawili chuoni kisa hiki, mmoja alinijibu bila hata kusita: "Lakini Kiswahili hakina neno la kitu hicho." Kinalo. Kimekuwa nalo kwa karne nyingi. Neno hilo ni lijamu.

Tuanzie pwani. Lijamu limetoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa Waajemi. Neno hilohilo la Kiajemi lilielekea pia mashariki, likaingia Kihindi, Kigujarati na Kipunjabi kama lagaam. Kwa hiyo mwenye duka wa Kihindi aliyefungua biashara Kericho na fundi wa matandiko wa Lamu wangeweza kuelewana kuhusu chuma hiki bila mkalimani, kwa sababu maneno yao ni ndugu waliopoteana. Hatamu nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kamba ya kumwongozea ngamia. Kigwe ni neno letu la Kibantu, na kamba yake ndiyo ileile inayofanya kazi ya hatamu. Seruji ni kiti cha mpandaji, ingawa wengi husema tandiko. Saisi ni mtunza farasi.

Hapo kwa saisi hebu tusimame kidogo. Katika Kiarabu, saisi linatokana na kitenzi chenye maana ya kutunza na kuongoza mnyama, na mzizi huohuo ndio uliozaa neno siasa. Naam, siasa na usaisi ni watoto wa baba mmoja. Mwanasiasa, kwa asili ya neno, ni mtu anayejua kulisha, kusafisha, kutuliza na kuongoza. Sijui kama wanasiasa wetu wangependa kukumbushwa jambo hilo wakati huu.

Farasi hawakuwa wageni kwa Waswahili. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka wa 1728, ni utendi wa vita, na farasi wamo. Sayyid Said bin Sultan wa Oman na Zanzibar aliwafuga, na mwaka 1840 jahazi lake la Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, lilipotia nanga New York, miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Binti yake Salme, aliyekuja kujulikana Ujerumani kama Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda farasi. Wapandaji hao walikuwa na majina ya vifaa vyao. Baadaye watafsiri wa Biblia hawakuhitaji kubuni chochote walipofika Waraka wa Yakobo sura ya 3, pale mwandishi anapolinganisha ulimi wa binadamu na chuma cha farasi na usukani wa merikebu. Lijamu lilikuwapo, likaandikwa. Kila Jumapili katika makanisa ya Kericho na Bomet kuna mtu anayeweza kusomewa neno hili, na huenda asijue ni kitu gani.

Kwa nini basi neno halikupanda mlima? Jibu limo katika magonjwa. Nyuma ya ukanda wa pwani kulikuwa na mbung'o, na mbung'o huleta nagana, ambayo huua farasi. Palipokosekana mbung'o palikuwa na ugonjwa mwingine wa farasi unaoenezwa na visubi msimu wa mvua, nao huua kwa siku chache tu. Misafara ya biashara kutoka Mombasa na Bagamoyo ilisafiri kwa miguu ya wapagazi, na punda wachache. Farasi hakufika bara pamoja na Kiswahili. Lugha ilitangulia, mnyama akabaki nyuma.

Farasi alipofika nyanda za juu za Kenya, alikuja na mtu mwingine na lugha nyingine. Walowezi wa Kizungu walimleta mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa baridi ya juu ilimpa nafasi ya kuishi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, walowezi walijiandikisha Nairobi katika kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa East African Mounted Rifles, wakapigana Longido mwezi wa Novemba mwaka huo. Kilichowamaliza farasi wa vita hivyo, zaidi ya risasi, ni mbung'o na maradhi.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni iligawa ardhi kwa wanajeshi wastaafu. Kericho ilipata mpango wake maalumu. Mwaka 1919 iliundwa kampuni ya maofisa waliojeruhiwa vitani, iliyofahamika kwa kifupi kama BEADOC, ikapewa ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis ili ilime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka mapema miaka ya 1920, mpango ukafa. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ilipita mikononi mwa makampuni ya chai, na kufikia katikati ya muongo huo Brooke Bond na James Finlay walikuwa wameanza kupanda mashamba ambayo leo msafiri wa barabara ya Kericho huyaona yametandazwa kama zulia. Kwa maofisa wa kizazi hicho, farasi alikuwa sehemu ya malezi, na kuruka vizuizi kulikuwa kipimo cha ujasiri.

Mabwana hao walizungumza na saisi wao kwa Kiswahili gani? Si kile cha Lamu. Kilikuwa Kiswahili cha amri, ambacho baadhi yetu hukiita Kisetla: leta, ondoa, kamata, shika, pole-pole, maridadi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu kiitwacho Up-Country Swahili kuwafundisha wanajeshi, walowezi na wafanyabiashara lugha ya bara. Lugha ya namna hiyo haihitaji msamiati mpana, kwa sababu anayeamuru anaweza kunyoosha kidole. "Leta ile." Saisi analeta ile.

Hivyo ndivyo lijamu lilivyopotea njiani. Mjomba wangu alikuwa saisi katika shamba la mlowezi upande wa Sotik, na maisha yake yote sikumsikia akilitamka. Yeye alisema "chuma ya mdomo", akamaliza. Kuna "chuma ya mdomo ya pole" na "chuma ya mdomo kali". Wataalamu wa sarufi wataona upatanisho wa kisarufi umekwenda upogo, nami nitawaambia watulie, kwa maana ndani ya maneno hayo mlikuwa na elimu kamili. Tukiwa watoto alitukataza kuvuta hatamu kwa mchezo. "Hii chuma si ya kuvuta," alisema. "Ni ya kuongea na yeye. Na akiruka, wewe nyamaza. Farasi haruki na miguu peke yake, anaruka na shingo."

Miaka mingi baadaye nilisoma historia ya upandaji farasi, nikagundua kwamba sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta mapinduzi katika Ulaya. Kwa muda mrefu wapandaji wa majeshi ya Ulaya waliruka vizuizi wakiegemea nyuma, miguu mbele, hatamu zimekazwa, kwa imani kwamba wanamsaidia farasi kuinua kichwa. Farasi aliporuka, chuma kilimpiga kinywani, na mgongo wake ukapokea uzito wa mtu wakati mbaya kabisa. Ofisa mmoja Mwitalia, Federico Caprilli, aliyezaliwa mwaka 1868, aliwatazama farasi wakiruka peke yao bila mpandaji. Akaona kwamba farasi huru hunyoosha shingo mbele na chini, akaitumia kama mizani. Basi akawafundisha wanafunzi wake huko Pinerolo na Tor di Quinto kuinama mbele, kumwachia farasi kichwa, na kutumia lijamu nyepesi. Mwaka 1902, mjini Turin, aliruka kimo cha mita 2.08. Alifariki mwaka 1907 kwa ajali ya farasi, lakini mtindo wake ukaenea duniani kote, na ndio unaotumika leo katika michezo ya Olimpiki.

Hata yeye hakuwa wa kwanza kufikiria kinywa cha farasi. Xenophon, Myunani aliyeandika katika karne ya nne kabla ya Kristo, alishauri mpandaji awe na lijamu mbili, moja laini na nyingine ya kuparuza, ili farasi akishaionja ile ya pili aithamini ile laini. Elimu ya kuchagua ni ya kale. Kilichoongezwa na Caprilli ni kwamba hata lijamu laini huwa katili katika mkono usiojua kuachia.

Sasa turudi kwa ile karatasi ya ukutani, maana farasi bado wapo na saisi bado wanahitaji kuelewa. Kati ya meno ya mbele ya farasi na magego yake pana pengo lisilo na jino. Lijamu hukaa hapo, juu ya ulimi na ufizi. Kwa kifupi, aina zake kuu ni mbili. Ya kwanza ina pete mbili, na hatamu hufungwa moja kwa moja kwenye pete hizo. Nguvu ya mkono hufika kinywani kama ilivyo. Naipendekezea jina la lijamu ya pete. Ya pili ina mikono inayoning'inia chini ya kinywa na mnyororo unaopita chini ya kidevu. Hiyo ni wenzo, kama ule wa kung'olea jiwe shambani: mpandaji akivuta kidogo, farasi huhisi mengi, kinywani, kidevuni na utosini. Naiita lijamu ya wenzo. Neno wenzo limo katika vitabu vya sayansi vya shule zetu, halihitaji pasipoti.

Lijamu ya pete huweza kuwa na kiungo kimoja katikati. Ikivutwa hujikunja kama koleo na kuubana ulimi. Yenye viungo viwili huukumbatia ulimi vizuri zaidi, na farasi wengi huipokea kwa utulivu. Unene nao una hila yake. Chuma kinene husambaza mgandamizo, kwa hiyo watu hudhani kinene ni cha upole daima. Lakini farasi mwenye kinywa kidogo na ulimi mnene hana pa kukiweka. Humsumbua kutwa kucha. Upana hupimwa pia: lijamu isibane pembe za midomo, na isizidi kinywa kwa zaidi ya kama nusu sentimita kila upande, la sivyo itateleza huku na huku.

Katika kuruka, jambo la kukumbuka ni lile la mjomba. Farasi anahitaji shingo yake. Mpandaji akipoteza mizani angani na kuning'inia kwenye hatamu, lijamu ya wenzo huzidisha kosa lake mara kadhaa, na farasi hujifunza kwamba kuruka ni kuumia. Mara inayofuata atagoma, au atapita mbio huku kichwa kiko juu akikimbia maumivu. Hapo mtu asiyejua husema, "Huyu ana pupa, mletee kali zaidi." Ndivyo ilivyokuwa kwa yule farasi wa Nairobi. Kabla ya kubadilisha chuma, saisi mzuri hukagua meno, hasa vile vijino vidogo vinavyoota mbele ya magego na kugongana na lijamu. Hukagua mgongo na tandiko. Halafu hutazama mikono ya mpandaji. Wapo farasi wenye nguvu ambao huhitaji lijamu kali kidogo ili wasikilize, lakini hiyo ni kazi ya mkono uliokomaa.

Elimu hii yote ilikuwa mikononi mwa watu ambao historia haikuwaandika, au iliwaandika vibaya. Chukua mfano wa arap Ruta. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kupata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa na umri wa miaka 18, anamsimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night. Walicheza pamoja utotoni, kijana huyo wa Kinandi akiitwa Kibii. Alipotahiriwa akapata jina la utu uzima. Baadaye akawa msaidizi wa kutegemewa katika zizi la Markham, katika miaka ileile ambayo farasi jike Wise Child alishinda St. Leger ya Nairobi mwaka 1926. Dunia nzima inamjua Markham. Ruta je? Hata jina lake liliandikwa kombo: badala ya arap, yaani mwana wa, kitabu kinaandika Arab, na msomaji wa mbali huenda akadhani ni Mwarabu. Herufi moja ikambadilisha mtu kabila.

Ndiyo maana lile kosa la "kipande" lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Katika nyanda za chai, kipande si neno lisilo na kovu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita, karibu wakati uleule ambapo ardhi ya Kericho ilikuwa ikigawiwa maofisa. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Bila mwajiri kuweka sahihi, hukuweza kuacha kazi ukatafuta nyingine kihalali. Harry Thuku na wenzake walikipinga mapema miaka ya 1920, na hakikuondolewa hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Saisi alikuwa na chuma shingoni mwake na farasi alikuwa na chuma kinywani. Mmoja aliongozwa kwa hatamu, mwingine kwa sahihi. Mashine iliyotafsiri "bit" kuwa kipande haikujua lolote kuhusu hayo, lakini sisi tunajua. Mzee wa Kericho aliyewahi kuvaa kile kijaluba, lau angesoma ukutani kwamba farasi anachaguliwa kipande kinachomfaa, asingeona ajabu yoyote. Angesema, kumbe hata yeye alipewa!

Watu watauliza kuna faida gani kufufua neno la mnyama ambaye Wakenya wengi humwona kwenye televisheni tu. Nina majibu mawili. Kwanza, neno likifa, sitiari zake hubaki zikielea. Magazeti yetu huandika kila siku kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi, na Tanzania ilikuwa na kauli nzima ya chama kushika hatamu. Tunalitumia kana kwamba kushika hatamu ni kupata tu, kama kushika mfuko wa fedha. Aliyewahi kumwona farasi anajua kwamba upande wa pili wa hatamu kuna lijamu, na chini ya lijamu kuna ulimi wa kiumbe hai. Anayeshika hatamu anashika maumivu ya mwingine. Nadhani tungeichagua misemo yetu, na hata viongozi wetu, kwa uangalifu zaidi tukilikumbuka hilo.

Jibu la pili ni yule kijana wa Bomet. Yeye na wenzake wanaishi kwa kazi hii leo. Wanaposomewa maagizo kwa lugha wasiyoielewa, au kwa Kiswahili kilichopikwa na mashine na kutolewa kibichi, farasi huumia, na lawama huwaangukia wao. Haitoshi vyuo vikuu kuhifadhi lijamu ndani ya kamusi huku zizini watu wakinyoosha vidole.

Tulikaa naye alasiri nzima tukiiandika upya ile karatasi. Mimi nilileta maneno: lijamu, hatamu, wenzo, magego. Yeye alileta maarifa, na mara mbili alinisahihisha nilipoeleza jinsi mnyororo wa kidevu unavyokaa. Tulipofika mwisho alitaka tuongeze mstari mmoja ambao haumo katika Kiingereza. Nikamuuliza ni upi.

"Andika hivi," akasema. "Kabla ya kubadilisha lijamu, angalia mkono."

Tukaandika.